Mlango wa Bluu wa Hombolo

Mwalimu Hagai tumemzika Hombolo mwezi uliopita. Mdogo wake, Mama Lea, ndiye aliyenipigia simu, na wala hakuzunguka. "Foibe, mwalimu wako katutoka asubuhi hii. Njoo." Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Nkuhungu na madaftari ya kidato cha pili, kalamu nyekundu mkononi, na nje kijana wa bodaboda alikuwa amefungulia muziki wake mpaka vikombe vinacheza kabatini. Nililia. Kisha, na hili nalisema kwa aibu, machozi hayajakauka nikaanza kujiuliza swali lile lile ninalojiuliza tangu nikiwa na miaka ishirini: Zaituni aliishia wapi? Ndivyo nilivyoumbwa. Wenzangu huenda msibani na kanga ya kujifunga, mimi naenda na kanga na swali.

Mwaka wenyewe nilikuwa Majengo, Dodoma mjini, nikirudia mitihani ya kidato cha nne. Nilifikaje pale na kwa nini hesabu zilinishinda, hayo tuyaache. Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, kimepakana ukuta na banda la video. Ukuta haukufika juu. Kati ya tofali na bati palikuwa na uwazi wa kama shubiri mbili, na kila kilichosemwa bandani kiliingia kwangu pamoja na vumbi la nafaka kutoka sokoni. Kitanda cha kamba, meza moja, jiko la mkaa nje ya mlango, basi. Mchana nikisonga ugali wangu wa uwele na kukoroga mlenda wa karanga, sauti ya mwanaume mmoja, nzito, isiyo na haraka, ilinisimulia habari za watu waliokuwa wakikimbizana upande wa pili. Kwa miezi miwili nilizijua filamu kwa masikio tu. Nilimjua Chilewa aliyenyang'anywa shamba la baba yake, nilimjua Diwani mla rushwa, nilimjua binti aitwaye Yulita aliyependwa na wote wawili. Waligombana Nkuhungu, wakasameheana stesheni, wakala harusi mtaa wa Kikuyu. Niliamini kabisa kuna watu wanatengeneza filamu za Dodoma, nikawa najiuliza mbona sijawahi kuwaona sokoni na kamera zao.

Siku nilipoingia bandani kwa mara ya kwanza nilipigwa na butwaa. Chilewa alikuwa Mhindi mwenye sharubu. Diwani naye Mhindi, na Yulita ana pete puani. Wiki iliyofuata Chilewa akawa Mchina, anaruka juu ya mapaa, na yale majengo ya watawa wenye vipara tuliambiwa ni chuo cha Hombolo. Watu walikaa kwenye mabenchi, wamejaa, jasho linawatiririka chini ya bati, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mbele, pembeni ya televisheni, ndipo nilipomwona mwenye sauti, Mwalimu Hagai: mzee mwembamba wa kola iliyopigwa pasi, aliyewahi kuongoza kwaya kanisani, kipaza sauti mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili. Alianza kila mkanda kwa salamu ya Kigogo. "Mbukwenyi! Kaeni vizuri. Aliyevaa kofia avue, wa nyuma nao ni watu." Alipotulia na chai yake nilimsogelea, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza amejifunza wapi Kihindi. "Sikijui," akasema. Na Kichina? "Hicho ndiyo kabisa."

Nadhani hapo ndipo nilipompenda, kama binti anavyompenda babu mtundu. Nikawa nashinda bandani. Baadhi ya mikanda ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne lakini kilitosha kunitia kiburi. Siku moja nikamnong'oneza, "Mwalimu, hapa wameandika kwamba huyu ni daktari, wewe umesema ni bwana mifugo." Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Foibe, hawa hawakuja kusoma." Akaendelea, na bwana mifugo akampima mgonjwa mapigo ya moyo, na watu wakaridhika. Kumbe alikuwa na kanuni zake. Kila mkanda aliutazama mara tatu asubuhi bila sauti, peke yake, ndipo anaupa hadithi. Akaniambia sura ya mtu haina maneno, maneno tunayatia sisi. Sikukubali. Basi akachukua mkanda mmoja uliokuwa umelika hata sauti haitoki, akausimamisha kwenye uso wa mwanamke anayetazama dirishani. Akashika zeze lake, akalipiga polepole. Mwanamke yule alikuwa na huzuni, ungeapa amefiwa. Kisha akaweka zeze chini, akapiga ubao wa benchi kwa viganja, mdundo ule wa akina mama wanaopiga muheme, ngoma wameibana mapajani. Uso ule ule, Mungu ni shahidi, ulikuwa na hasira. Nikamwambia arudie, akarudia. Nikamwambia arudie tena.

Mpaka leo nikisikiliza nyimbo za hawa vijana wa bodaboda nalirudia lile zoezi. Nazima sauti ya televisheni, natazama tamthilia za kigeni anazozifuatilia binti yangu, nauacha muziki wa nje uingie. Binti yangu hukasirika, anasema mama ana mambo. Lakini mimi nataka kujua: hasira ni ya yule dada kwenye televisheni, ni ya mpiga ngoma, au ni yangu mwenyewe? Na kwa nini filamu tulizozipenda mwaka ule, za Wahindi, za Wachina, hata zile mbili tatu za Waafrika wenzetu, zilipopita mdomoni mwa Mwalimu Hagai ziliishia mahali pamoja, mwanamke anarudi kwa mumewe? Nilimuuliza. Alifikiri, akanywa chai. "Wasiporudi, watu wataondoka wamenuna." Nyimbo za harusi zilisema hivyo hivyo, kwaya ziliimba hivyo hivyo, shangazi walihubiri hivyo hivyo. Hakuna aliyewatuma. Ulikuwa ndio wimbo tulioujua.

Zaituni alihamia chumba cha pili kutoka changu mwezi wa sita. Alikuwa mwenyeji wa Kondoa, kaolewa mdogo, kakimbilia kwa shangazi yake, Bi Mwanaidi, aliyeuza alizeti na karanga sokoni. Tulilingana umri. Mkono wake wa kushoto ulipinda chini ya kiwiko, mfupa ulivunjika ukaunga vibaya, na aliponiona nautazama aliuvuta ndani ya mtandio. Hakusema kuvunjika kulitokana na nini, nami kwa mara moja katika maisha yangu sikuuliza. Tulipika pamoja. Yeye alinifundisha kutia ufuta kwenye mchicha, mimi nikamfundisha mlenda, alioukunjia uso wiki nzima kisha akawa anaramba kidole. Jumamosi saa nane mchana, saa ya akina mama, tulikwenda bandani wote watatu, Bi Mwanaidi katikati yetu, maana hakumwachia mkono mtoto wa kaka yake. Na sauti zilipita kuta zote za nyumba ile. Niliwasikia wakizungumza asubuhi, mmoja anapeta karanga, mwingine kimya. "Kuvumilia, mwanangu. Na mimi nilivumilia." Kisha sauti ya ungo, kisha tena yeye. "Baba mdogo wa mumeo atakuja kukuchukua. Wazee wameshakaa, wamemuonya. Hatakupiga tena." Zaituni alisema neno moja tu, nalikumbuka kwa sababu alilisema bila kulia. "Ataniua, shangazi." Ungo ukasimama kidogo, ukaendelea.

Mkanda uliokuwa ukipendwa wakati huo ulikuwa wa Kihindi, umechakaa, maandishi yake yote yamekatika chini. Yulita, maana Mwalimu alishampa jina, anaishi na mwanaume anayemfokea. Mwanaume anavunja sahani. Yulita anafunga mkoba, anapanda treni, anaimba dirishani wimbo mrefu ambao Mwalimu alituachia tuusikilize wenyewe. Mwishoni kabisa anashuka, anatembea njia ya vumbi, anasimama mbele ya mlango wa bluu. Anainua mkono kubisha. Picha inagandia hapo hapo, mkanda umekwisha. "Na huu," Mwalimu alikuwa akisema, "ni mlango wa mumewe. Yulita ametafakari, amerudi." Akina mama walipumua, wakakusanya watoto. Zaituni aliutazama Jumamosi tatu mfululizo. Mara ya tatu niligeuka nikamwona bado amekaa, anaukodolea macho ule mlango wakati kioo kimeshakuwa cheusi.

Katikati ya hayo msimu wa zabibu ulifika, na Mwalimu akanichukua kwa mdogo wake Hombolo siku tatu, tukasaidie kuvuna. Nyumba ya Mama Lea iko njia ya kwenda bwawani, vyumba vitatu, uwanja umefagiwa, na wanawake wawili watatu walikuwa wakiishi pale nisijue ni ndugu au ni nani. Jioni tukila ugali na samaki wa bwawani niliuliza, ungetegemea nini. Mama Lea akanijibu, "Wamekuja kuvuna." Mmoja wao alicheka. "Mimi navuna mwaka wa tatu huu," akasema, "na sijaulizwa natoka wapi." Nililala nikiwaza mkono wa Zaituni. Nilirudi Majengo nimekusudia kumwambia, nikashindwa. Bi Mwanaidi hakumwacha peke yake hata msalani, na ukuta usiofika juu unapeleka maneno kote kote. Tena niseme kweli, niliogopa kufukuzwa chumba.

Baba mdogo wa mume alifika siku ya Ijumaa. Ikaamuliwa wataondoka Jumamosi saa kumi. Zaituni aliomba kitu kimoja, atazame video na wenzake kwa mara ya mwisho. Mzee yule hakuwa mkali, alikuwa na adabu zake. Akasema sawa, akaketi kwenye kigoda mlangoni pa banda, tasbihi mkononi. Asubuhi hiyo hiyo Mwalimu Hagai aliamka hana sauti. Koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la mwezi wa nane, likitoa upepo tu. Akanipa kipaza sauti. Kwa ishara akanionyesha kwamba atalala chumbani kwangu, kitandani, asikilize kupitia juu ya ukuta.

Sikuwahi kushika kile kitu mbele ya watu. Akina mama walikuwa kama arobaini, na watoto migongoni. Zaituni alikuwa benchi la mbele, mkoba wa kitambaa magotini, Bi Mwanaidi ubavuni pake. Nikasalimia kama Mwalimu, nikawaambia wenye kofia wavue, wakanicheka maana hakuna aliyevaa kofia. Nikaanza. Sahani ikavunjika, nikasema ambayo Mwalimu husema. Wimbo ukapita. Kipaza sauti kilikuwa kikiniteleza mkononi. Yulita alipokaa dirishani kwenye treni nilisikia mdomo wangu ukisema, "Yulita hajui anakwenda kwa nani. Lakini ameambiwa na shoga yake aende Hombolo." Sikuthubutu kumtazama Zaituni. Nilitazama kioo. "Gari zipo karibu na soko, mpaka jioni. Akishuka, afuate njia ya kwenda bwawani. Kuna mama ana shamba la zabibu. Wanawake wanavuna pale, hawaulizwi wametoka wapi." Yulita akatembea njia yake ya vumbi. Akasimama. "Nyumba ndiyo hii. Mlango wake wa bluu, huu mnaouona. Anabisha, na kabla hajamaliza kubisha wanamfungulia." Picha ikagandia. Kule mlangoni mzee wa tasbihi alipiga mwayo.

Hakuna aliyekusanya watoto. Kisha Bi Mwanaidi, ambaye miguu ilikuwa ikimsumbua na huwa hataki kusimama, alisimama. Akatandaza kanga yake kwa mikono miwili kana kwamba anaikung'uta vumbi, mbele ya benchi, polepole, upande mmoja, upande wa pili. Alipoishusha, benchi lilikuwa tupu. Mlango wa nyuma wa banda ulitokea uani kwetu, na wa uani ulitokea sokoni. Mzee wa Kondoa alipoingia kuuliza, Bi Mwanaidi akamjibu kwamba amekwenda msalani, tumbo la safari. Mzee akasubiri mpaka adhana ya alasiri.

Nilikimbia chumbani kwangu nikidhani Mwalimu atanisifu. Alikuwa amekaa kitandani, ameshika kichwa. Akajikamua, akatoa sauti kama ya mlango mbovu. "Foibe. Mlango wa dada yangu ni wa kijani."

Nilikuwa nimelala kule siku tatu. Nimeupita mlango ule na ndoo za zabibu mara sijui ngapi. Lakini mbele yangu palikuwa na picha ya mlango wa bluu, na mdomo ukafuata macho. Sikulala. Siku ya tatu tukasikia kuwa baba mdogo na mume mwenyewe wamefika Hombolo. Watu arobaini ni wengi, mmoja wao aliteleza ulimi, na kila mtu Majengo alijua Mwalimu ana dada kule mwenye zabibu. Walimkuta Mama Lea, wakafungua vyumba vyote vitatu, wakatazama hadi ghalani. Hawakumkuta Zaituni, kwa sababu hakuwa amefika pale. Jumapili nikaenda mwenyewe, nikatembea njia yote ya bwawani nikitafuta bluu. Ulikuwepo mlango mmoja. Ulikuwa na kufuli. Jirani akaniambia alikuwa akikaa muuguzi, amehamishwa, ameondoka mwanzoni mwa wiki, na hapana, hajui habari ya msichana yeyote. Nilifika mpaka ukingoni mwa maji. Nilisimama pale nikiyatazama, nikaogopa vibaya sana, nikarudi nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mtihani niliufaulu mwaka ule. Niliposomewa matokeo sikusikia furaha yoyote.

Bi Mwanaidi alikufa bila kunitajia habari ile. Mwalimu aliendelea na banda mpaka mabanda yakafa, kisha akarudi kwao na zeze lake. Mimi nikawa mwalimu wa Kiingereza, na kila nilipompata mwanafunzi wa kike aliyeficha mkono chini ya mtandio, niliuliza. Sikuacha tena kuuliza, hata waliponiita mbea. Mwaka jana binti yangu aliniwekea kwenye simu filamu za zamani, na nikiwa natafuta kingine nikaukuta ule mkanda wetu, msafi, na maandishi yote chini. Nilitazama nimeziba mdomo kwa kiganja. Yule mwanaume hakuwa mume, alikuwa kaka yake. Alivunja sahani kwa sababu dada mtu anataka kuimba. Na mlango wa bluu ulikuwa wa mwalimu wa muziki. Wote wawili, Mwalimu na mimi, tulikosea kabisa, na nyumbani sikuwa na mtu wa kucheka naye.

Basi, msibani. Tulirudi kutoka makaburini saa tisa, jua kali, na akina mama wakaketi kwenye mikeka kuchambua mchele. Nilimpa Mama Lea mkono wa pole, nikatafuta nafasi, nikavuta ungo. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa mnene, ana miwani, mtandio mweupe. Mkono wa kushoto ulipinda chini ya kiwiko, na hakuuficha. Mchele ulinimwagika mapajani.

"Nilisikia tangazo la msiba redioni," alisema. "Nikajua na wewe utakuja. Hujambo, shoga?"

Nakumbuka nilimshika ule mkono kwa mikono yangu miwili, nikamuuliza mambo kumi kwa mpigo, naye akacheka, akasema sijabadilika. Anaishi Mpwapwa. Ana watoto wanne na mume wa pili, fundi cherehani, mpole. Jumamosi ile alifika Hombolo jua linazama, akafuata njia ya bwawani, akaona mlango wa bluu, akabisha. Akafunguliwa na muuguzi aliyekuwa akifunga mizigo yake. "Nikamwambia nimekuja kuvuna zabibu. Akaniangalia mkono. Akasema, hapa hakuna zabibu, ila nahamia Mpwapwa na sina wa kunisaidia mizigo. Siku ya tatu tukapanda lori." Aliogopa kuandika barua, maana barua za Majengo zinasomwa na nyumba nzima. Na baadaye, alisema, aibu ya kukaa kimya muda mrefu ikawa kubwa kuliko woga.

Nikamwambia, kwa kuwa siwezi kunyamaza na kitu, habari ya ile filamu, ya kaka mtu na mwalimu wa muziki. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha nikamwambia lililobaki, lile nililolibeba miaka yote. Kwamba nilimkosesha nyumba. Kwamba nyumba yenyewe ni hii tuliyokaa, na mlango wake, tazama, ni wa kijani, umepakwa mara nyingi lakini siku zote kijani. Na kwamba siku ile ya tatu walikuja hapa, mumewe na baba mdogo, wakafungua kila chumba.

Zaituni aliugeukia mlango. Aliutazama kwa muda mrefu, watu wanaingia na kutoka na sufuria.

"Ungesema kijani wangenikuta, Foibe," alisema. Akavuta ungo wangu kwake, tukaendelea kuchambua mchele.